Picha Zangu za Mbuzi na Gredi ya Tatu ya Mwalimu Jarso

Alhamisi, wiki ya mwisho ya muhula wa kwanza. Joto. Mchana mawingu yalikuja upande wa Garbatulla, yakatuangalia, yakaenda zake. Nimefika Isiolo saa kumi na moja jioni na vumbi hadi ndani ya masikio. Nimeoga, nimekunywa chai vikombe viwili, na bado sijatulia.

Nina jambo la kukiri. Naliandika hapa kwanza kwa sababu kesho saa tatu asubuhi nitalazimika kulisema mbele ya watu.

Kwa wasionijua, mimi ni afisa wa mtaala. Nazunguka shule za msingi za serikali, nakaa nyuma ya darasa na daftari, naangalia mwalimu anavyofundisha, kisha namsaidia pale alipokwama. Walimu wengine huamini kazi yangu ni kunywa chai ya mwalimu mkuu, na hawajakosea sana. Likizo zikifika natoa mafunzo ya walimu. Muhula huu nilipewa pia kazi ya kuandaa tathmini ya hesabu ya Gredi ya Tatu kwa eneo letu lote. Niliikubali kabla mkurugenzi hajamaliza kuniuliza.

Vitabu vyetu vimejaa picha za stroberi na treni. Mtoto wa Sericho atajulia wapi stroberi? Mimi mwenyewe, niliyezaliwa Meru kwenye mvua na majani chai, nimeionja ndani ya yogati tu. Basi nikasema hapa tutatumia vitu vya hapa. Nilichora mwenyewe, wiki mbili nzima kila nikitoka kazini: mbuzi, kondoo, ng'ombe, ngamia. Mbuzi ndio walionitoka vizuri zaidi. Mmoja nilimpa masikio meusi, mwingine pembe iliyopinda, na kitoto kimoja nikakichora kikiruka. Chini yao nikaandika: "Hesabu mbuzi. Andika jibu." Ukurasa wa kwanza ukawa wa mifugo, wa pili ukawa wa tarakimu tupu.

Kisha nikaweka kanuni yangu mwenyewe. Asiyepita ukurasa wa kwanza, wa pili usisahihishwe. Niliona ni kupoteza wino. Anayeshindwa kuhesabu mbuzi wanane atafanyaje hesabu za kutoa kwa kukopa?

Kwenye mafunzo walimu walizipigia picha zangu makofi. Mkurugenzi aliziinua mbele ya wageni akasema huu ndio mtaala unaomjua mtoto. Tangu siku hiyo zinangoja kuchapishwa kwa ajili ya kaunti nzima. Mtu alinipiga picha dakika ile, na ndiyo niliyoiweka kwenye WhatsApp yangu hadi leo mchana.

Matokeo yalipokuja, shule za mjini zilikuwa sawa tu. Shule za mashariki, kule kwenye mifugo hasa, ambako nilidhani watoto wangeng'ara, ziliporomoka. Ya mwisho kabisa ilikuwa shule moja ng'ambo ya Garbatulla, Gredi ya Tatu ya Mwalimu Jarso.

Mwalimu Jarso ni mzaliwa wa huko huko, ameajiriwa kwa kandarasi, mwaka wake wa pili. Kandarasi inaisha mwezi huu, na kuongezwa kwake kunategemea ripoti yangu. Watoto wake karibu wote waliangukia daraja la chini kabisa, "Mbali na Matarajio". Jumatatu nikaandika: "Sipendekezi aongezewe muda. Wanafunzi wake hawawezi kuhesabu hadi kumi." Kikao cha kuamua ni kesho.

Nilituma ile ripoti nikaenda kununua sukumawiki.

Kilichoniwasha kilikuwa kitu kidogo. Jana nilikuwa nafunga zile karatasi kwa kamba ziende stoo, upepo ukafunua moja, nikaona ukurasa wa pili. Thelathini na nne toa kumi na saba, sawa. Sita mara nne, sawa. Nikafungua ya pili, ya tatu, ya kumi. Watoto wa Jarso walikuwa wamepata tarakimu karibu zote. Ukurasa wa mifugo ndio uliokuwa mtupu.

Mtoto asiyejua hubahatisha. Nimesahihisha miaka ya kutosha kulijua hilo: ataandika saba, ataandika mia, ataandika jina lake. Hawa hawakubahatisha. Ila wengine walikuwa wamewachorea mbuzi wangu majani ya kula, na mmoja alikuwa amewachorea kisima.

Nani anawalisha mbuzi wa mtihani?

Leo asubuhi nikapata lifti kwenye gari linalopeleka chakula cha shule, nikakaa juu ya gunia la mchele. Dereva aliniuliza narudi kufanya nini shule niliyokuwa juzi juzi. Nilimwambia nimesahau kitu. Nashukuru hakuuliza ni kitu gani, maana tulikuwa na saa nyingi za barabara mbovu na sina kipaji cha kudanganya kwa muda mrefu.

Mwalimu Jarso alinikaribisha kwa upole ule ule wa siku zote. Niliona machoni kwamba mwalimu mkuu ameshamwambia kuhusu ripoti. Nilimwomba mtoto mmoja, yeyote, akaniitia Qabale, msichana wa miaka tisa mwenye pengo la meno ya mbele. Tulikaa kwenye kivuli cha jiko, ambapo Mama Kuresha, mpishi wa shule, alikuwa anachambua maharagwe.

Nilimwekea Qabale kadi ya mbuzi. Akasema hawa ni mbuzi. Nikamuuliza wangapi.

Akachukua mikono yake miwili, akaikalia.

Nilimuuliza tena kwa sauti laini zaidi, ile tunayofundisha kwenye mafunzo, na haikusaidia kitu. Basi nikamwambia aniambie chochote anachokiona. Hapo akafunguka.

"Huyu mtoto, mama yake hayuko hapa," alisema.

Nikatazama picha yangu upya. Kweli. Nilikuwa nimechora mbuzi wanane na sikumpa hata mmoja kiwele. Kitoto kinachoruka kilikuwa yatima, na mimi niliyekichora sikujua.

Sijui wazo lilitoka wapi, lakini niliazima mkasi kwa mwalimu mkuu nikakata kadi, kila mbuzi kipande chake. Nikampa Qabale awatazame, kisha ageuke. Nikaficha mmoja. Alipogeuka hakuchukua hata sekunde mbili. "Ile ya masikio nyeusi imeenda wapi?" Nikaficha wawili, akawataja wote wawili. Nikawachanganya, nikawalaza vichwa chini miguu juu, nikaficha watatu. Akawataja watatu, na akaniambia yule wa pembe iliyopinda nisimwache karibu na yule mdogo, atampiga.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau nimeficha wapi.

Nikamuuliza, sasa wamebaki wangapi? Akakalia mikono.

Mama Kuresha alikuwa ameacha maharagwe kitambo. "Madam, unamtesa bure," alisema. "Kwetu mtoto hahesabu mbuzi. Akinyoosha kidole hivi, akko yake anampiga mkono."

Nilijua akko ni nyanya. Mengine yote sikuyajua, baada ya miaka sita ya kazi huku. Nikamuuliza sababu.

"Ukihesabu mnyama unaita jicho mbaya. Inapungua."

"Sasa mtajuaje kama mmoja amepotea?"

Alinitazama kwa huruma, naapa ilikuwa huruma. "Uko na watoto wangapi?"

"Watatu."

"Ukiingia nyumbani jioni, unawahesabu?"

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Baadaye alinieleza kwamba si kila nyumba inashika hivyo siku hizi, na kwamba sokoni watu huhesabu kama kawaida. Lakini watoto wa kule wamefunzwa na nyumba zao kabla yetu, na nyumba imefika mbali kuliko sisi.

Mwalimu Jarso ana kona ya hesabu darasani, kama mtaala unavyotaka, na ndani yake kuna kikapu cha vizibo vya soda. Nilimwagia Qabale vizibo vyote chini. Akavipanga kumi kumi, akahesabu hadi vikaisha, akaniambia ni hamsini na saba, akauliza kama nina vingine.

Ndipo nikafungua daftari langu la ile siku ya tathmini, kutafuta kama kulikuwa na dalili niliyoipita. Ilikuwepo. Kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Mwalimu ameomba watoto wahesabu mawe badala ya picha. Nimemkatalia. Bado anategemea mbinu za zamani." Nilikuwa nimepigia mstari neno "zamani".

Sikumbuki kuliandika. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mtu alinyoosha mkono kunizuia nisijikwae, nikamwandika vibaya na kusahau siku hiyo hiyo.

Nilimkuta Mwalimu Jarso darasani peke yake, watoto wamekwenda kula. Alikuwa anabandua chati zake ukutani, anazikunja moja moja na kuzifunga kwa uzi. Alizichora nyuma ya kalenda za zamani, kwa kalamu zake. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Niliomba mawe, Madam."

"Uliomba mawe. Hukusema sababu."

Alifikiri kidogo, huku anakunja chati ya miezi. "Ulikuwa umefurahia hizo picha sana," alisema. "Nikaona nisikuharibie."

Nisikuharibie. Kazi yake ndiyo iliyokuwa inaharibika, pamoja na jina lake katika kijiji alichozaliwa, na mtu huyu alikuwa anailinda furaha yangu. Sikuona dharau yoyote usoni mwake. Alisema kama anayeeleza kwa nini hakumkatiza mgeni aliyekuwa anaongea.

Nilimwambia asibandue nyingine. Alisema sawa. Lakini zile alizokuwa ameshakunja hakuzirudisha ukutani.

Sasa niseme na hili, kwa kuwa nimeanza kukiri. Njiani kurudi nilitunga sentensi. Ilisema hivi: "Mazingira ya tathmini hayakuwa mazuri, naomba darasa hili lirudiwe." Sentensi safi kabisa. Jarso angepata nafasi ya pili, picha zangu zingechapishwa, na hakuna ambaye angeuliza mazingira gani. Ningeweza kusema upepo. Nilikaa nayo kutoka Garbatulla hadi karibu na mjini, naipangusa na kuipamba, na niliipenda. Naona aibu kuandika kwamba niliipenda.

Kilichoniharibia ni hesabu rahisi. Kama darasa la Jarso litarudiwa kimya kimya, zile picha zitakwenda shule za Korbesa, zitakwenda kila shule ambako watoto hukalia mikono, na kila mahali kutakuwa na mwalimu atakayeandikwa vibaya. Darasa moja lingepona, mengine yote yangeugua.

Nimeandika barua kabla chai ya pili haijapoa. "Naondoa ripoti yangu ya Jumatatu. Wanafunzi wa Mwalimu Jarso wanajua hesabu. Kilichoshindwa ni tathmini niliyoitunga mimi. Mwalimu alinitahadharisha siku ile na nikamkatalia. Naomba aongezewe muda, na naomba picha zangu zisichapishwe." Nimeipiga picha nikamtumia mkurugenzi papo hapo, nisije nikaamka asubuhi nikaitia sukari. Ameisoma. Amejibu: "Tuongee kabla ya kikao." Hakuna zaidi. Sijui kama amekasirika, au kama nimechelewa na wameshampata mtu mwingine wa nafasi ya Jarso. Nitajua saa tatu.

Katikati ya aibu hii kuna kitu kinanitekenya, siwezi kukificha. Qabale anafanya nini kichwani mwake? Ametazama mbuzi wanane mara moja na kujua watatu waliotoka, bila kupitia nambari hata moja. Katika fomu zangu zote hakuna kisanduku cha kuandika hilo. Nataka kurudi kule bila fomu, nikae siku mbili, nimwombe anionyeshe zizi la kwao jioni mbuzi wakiingia. Nitauliza maswali ya kijinga, na Mama Kuresha atanicheka, na itakuwa haki yake.

Ila nitakapokuwa nauliza, nitaaminije majibu? Miaka sita nimesimama mbele ya walimu, nimemaliza kuonyesha kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu, uso umenijaa furaha, nikauliza kama kuna mwenye swali au tatizo. Wamenijibu kila mara, kwa upole, "Hapana Madam, iko sawa."

Ni mara ngapi haikuwa sawa?