Nimesoma namba ya meneja hewani

Shoga uko wapi? Nimetoka studio sasa hivi.

Si unamjua meneja wetu mpya. Leo kwenye kikao, mbele ya watu wote, kasema huenda mwezi ujao redio ikapiga muziki wa vijana tu. Kipindi changu cha nyimbo za zamani ndio basi. Miaka kumi na moja, shoga.

Nikamuuliza, na wasikilizaji wangu je? Akacheka. "Wale wazee wako? Hata simu hawapigi."

Hata simu hawapigi. Kaniambia mimi hivyo.

Saa nne nikaingia hewani, nikawaeleza wazee wangu kila kitu, nikasema mwenye maoni ampigie meneja mwenyewe. Nikasoma namba yake. Nikairudia mara tatu, polepole, wenye kutafuta miwani waipate.

Wimbo wa kwanza haujaisha, namwona kupitia kioo: simu inaita, anakata. Inaita, anakata. Kayataka mwenyewe.

Halafu ikaita moja hakuikata. Alisimama wima, akafunga na kifungo cha koti. Nikafungua mlango makusudi nisikie.

"Shikamoo mama."

Mama mkwe wake, shoga. Yule anayeniomba wimbo wa harusi yake kila Jumatano.

"Hapana mama, nani kasema? Kipindi kipo, mama. Kipo."

Roho yangu kwatu. Nikarudi kwenye maiki, nikamshukuru mama mkwe wa meneja kwa kupiga simu.