Sahani ya Makapi

2 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, ila kikohozi kidogo cha vumbi la vitabu. Natumaini mgongo umetulia na mashine ya unga haijakorofisha. Mama je, bado anazidai funguo za mashine?

Hapa ofisi ya kamusi nimepewa neno la Kiingereza la kunipima: "pure". Natakiwa nieleze maana yake kwa Kiswahili na lilikotoka. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Nikaandika: safi, bila doa. Mhariri mkuu, tunayemwita Miwani Mbili kwa kuwa moja iko puani na nyingine kwenye paji la uso, alinirudishia karatasi siku hiyohiyo.

"Waingereza wana dhahabu 'pure', bahati 'pure', na hata ujinga 'pure'," akasema. "Ujinga nao hauna doa?"

Mara ya pili nikaandika maana tano, moja chini ya nyingine. Akasema, "Dada, hizi ni shanga. Uzi uko wapi?"

Nimebakiwa na jaribio moja, tarehe 20. Likikwama, mkataba unaishia hapo, na makubaliano yetu nayakumbuka: narudi nyumbani kuendesha mashine. Wewe umesaga na kuchekecha miaka thelathini. Unga safi unaujuaje?

Mwanao

11 Machi

Baba, shikamoo. Hamjambo huko?

Sijaona jibu. Kama barua ilipotea, swali lilikuwa: unga safi unaujuaje? Zimebaki siku tisa. Nimeanza kukunja nguo. Si kwamba nimekata tamaa, ila zipu ya sanduku ni mbovu na inataka kuanzwa mapema.

Mwanao

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba mara mbili, maana umeniamkia mara mbili. Hatujambo. Mgongo unauma asubuhi tu. Mama yako anakusalimu, na ndiyo, funguo bado anazidai. Namwambia zina mwenyewe.

Barua yako haikupotea. Ilikaa mfukoni mwa aproni yangu siku tisa. Jibu nililijua palepale nilipoisoma, nimesimama kwenye mashine. Nilichokuwa sikijui ni kama nataka ulipate. Aproni yako nilishaishonesha, ya buluu, mifuko miwili. Leo imefika ile barua ya zipu. Mama yako ameisoma kwa sauti mbele ya wateja, kisha akanitazama. Basi.

Sasa sikiliza. Kabla ya kumkabidhi mteja unga, namwonyesha nini? Sahani. Makapi, vijiti, kokoto, yote yaliyobaki juu ya chekeche. Kuutazama unga wenyewe hakumsaidii. Kuna mweupe, kuna wa kijivu, kila nafaka na rangi yake. Anatazama sahani, anajua nimetoa nini. Unga safi ni kile kilichobaki baada ya kutoa kila kisicho unga. Siujui kwa njia nyingine.

Habari ya ujinga nilimsomea fundi cherehani wa jirani. Akasema, "Hiyo rahisi, huyo ni shemeji yangu. Walimchekecha, akili zote zikabaki kwenye sahani." Tulicheka mpaka mashine ikawa inasaga hewa.

Zipu ipake sabuni. Lakini usiwe na haraka nayo.

Baba yako

22 Machi

Kwa Baba na Mama,

Shikamooni. Kikohozi kimeisha. Nguo zimerudi kabatini.

Niliandika mstari mmoja: kilichobaki chenyewe, baada ya kuondolewa kila kisicho chenyewe. Chini yake nikapanga dhahabu, bahati na ujinga, kila kimoja na kilichotolewa ndani yake. Kisha nikafuatilia asili. Waingereza walilipata neno kwa Wafaransa, nao wakalitoa Kilatini. Wanaochimba mizizi ya maneno wanasema lina ndugu katika Kijerumani cha kale, na maana ya ndugu huyo ni kuchekecha nafaka. Nilirudia kusoma nikiwa nimesimama. Baba, hilo sikulijua nilipokuuliza.

Miwani Mbili alisoma kwa miwani ya kwanza, akabadilisha, akasoma kwa ya pili.

"Uzi huu umeutoa wapi?"

"Kwa baba yangu. Ana mashine ya unga."

"Mwambie abaki hukohuko, asije akatunyang'anya kazi."

Mkataba ni wa miaka mitatu. Kuhusu aproni, Baba, najua. Na zile siku tisa pia najua.

Mwanenu

29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima, na fundi cherehani anauliza neno linalofuata ni lipi, maana shemeji bado yupo.

Funguo amechukua mama yako. Ameziomba miaka kumi na miwili, mimi nakuwekea wewe. Aproni ya buluu imemkaa kana kwamba alipimwa yeye. Siku ya kwanza, gunia la nafaka ileile, alitoa makapi mengi kuliko niliyowahi kutoa mimi. Aliiweka sahani mbele yangu. Wateja walisema kwa niaba yake.

Barua hii ilikuwa na kurasa tatu. Nimeichekecha. Kilichobaki: nimefurahi.

Baba yako

Makapi yake yako kwenye droo. Ukija likizo nitakuonyesha.