Mama Mwenye Nyumba wa Mwezi kwa Mwezi

Ijumaa. Asubuhi ukungu uliziba Njombe yote, hata geti langu mwenyewe silioni. Lakini baridi sikuisikia. Nilikuwa nakwenda Makambako kununua nyumba!

Sawa, sijanunua. Nimekwenda kuiangalia kwa mara ya pili, mkopo wa benki haujatoka. Niacheni nifurahi. Ni vyumba vya kupangisha kwenye ua mmoja, matofali ya kuchoma, bomba la maji humo humo, stendi mwendo mfupi tu. Na pale njia panda, watu wa kupanga hawakosekani.

Wanaonisoma humu wanajua nilivyowaandama wenye nyumba miaka yote hii. Mtu ndio kwanza anaanza kazi, mshahara wa kwanza hajauona, unamdai kodi ya miezi sita kwa mkupuo! Nimewaita wanyang'anyi wenye funguo. Sifuti hata neno moja.

Leo mpangaji mmoja, mama muuza viazi, alikuwa anafua pale uani. Akanikagua kuanzia viatu mpaka kilemba, akanisalimu kwa Kibena.

"Kamwene, mama mwenye nyumba. Na wewe ni wale wa miezi sita sita?"

Mama mwenye nyumba. Mimi!

Nikajibu pale pale, kwa sauti ya mkutano wa hadhara: "Kwangu ni mwezi kwa mwezi."

Dalali aliyenipeleka akashika kichwa. "Mama, unatuharibia soko."

Nikamwambia soko lenyewe limeoza, acha liharibike. Yule mama alicheka mpaka sabuni ikamtoka mkononi.

Kazi ilikuwa nyumbani. Dhamana ya mkopo ni nyumba yetu hii ya mtaa wa Ramadhani tunayoishi, na benki haisogei bila saini ya mume wangu, Baba Neema. Yeye ni Mkinga wa Makete, ameanza biashara kabla hajaota ndevu. Alinisikiliza huku anamenya kiazi cha moto.

"Mama Neema, benki inataka rejesho kila mwezi. Mpangaji akikwama, utawalipa kwa makala?"

Liliniuma kwa sababu ni swali halali. Siku zote nawaambia wapinzani wangu kwamba hoja isiyogusa mfuko ni kelele. Leo kelele zilikuwa zangu.

Ninalo shamba la miti ya mbao, aliloniachia baba. Nilishaapa haliguswi mpaka Neema amalize chuo. Nikavuta pumzi, nikamwambia: kodi ikipungua, tunakata miti yangu kwanza. Nyumba hii haitaguswa.

Akaacha kumenya.

"Hayo yaandike kwenye blogu yako. Humu ndani utanigeuzia maneno mpaka mimi ndiye nikuombe radhi. Mbele ya wasomaji wako hutathubutu. Ukiandika, nasaini."

Mkinga huyu! Nimecheka, kisha nikakimbilia kompyuta kabla hajabadili mawazo.

Haya, someni nyote. Wapangaji wangu watalipa mwezi kwa mwezi. Wakikwama, miti ya baba inatangulia. Na siku nikithubutu kudai miezi sita, nitukaneni kwa maneno yangu mwenyewe, yote yapo humu.

Baba Neema, nimeandika. Kalamu iko mezani, pembeni ya viazi vyako.