Kisanduku cha Zoezi la Thelathini na Moja

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipoiweka penseli juu ya karatasi ukasema unajinyoosha dakika tano, kisha urudi umalizie. Hukurudi. Penseli ingali pale pale kwa sababu Mama hataki iguswe, na sasa vitu vyote vya mezani vimepangwa kuizunguka.

Tunasema na wewe, na wengine wakisikia si vibaya. Asiyekujua na ajue kwamba ulikuwa mhandisi wa miundo, yaani yule mtu anayeulizwa kama jengo litasimama, na jioni tatu kwa wiki ulifundisha chuoni. Wanafunzi walikuita Mwalimu Penseli. Tulijua, tukanyamaza. Hukumruhusu mtu afungue kompyuta kabla hajakisia jibu kwa mkono nyuma ya bahasha. "Kompyuta haina haya," ulikuwa ukiwaambia. "Ukiipa upuuzi, itakurudishia upuuzi wenye desimali sita."

Hukuwa mtu wa kukumbatia. Mapenzi yako yalikuwa ya kukagua. Ulitikisa vitanda vyetu kuona kama vimekaza, na mtu akiaga kwenda safari, wewe ulikuwa chini umeinama unavuta mkanda wa sanduku lake. Mama alipokufariji kwamba ng'ombe haelemewi na nundu yake, ulimjibu kwamba ng'ombe sawa, lakini boriti huelemewa, na hesabu yoyote ya maana huanza na uzito wa boriti yenyewe. Mama alisema aliolewa na rula. Alisema hivyo miaka thelathini na sita na hakuiacha ile rula.

Miaka kumi na tisa uliitumia kuandika mazoezi yako arobaini. Yalikuwa ya kumfundisha mtu ile njia ya kuligawa jengo katika vipande vidogo vidogo, kila kipande kikakokotolewa peke yake, kisha vyote vikaunganishwa tena kwa hesabu. Vitabu vya kigeni vilikuwepo, lakini ulisema vinaanzia darini. Wewe ulianzia sakafuni. Zoezi la kwanza lilikuwa rula ya mbao juu ya vikombe viwili. La arobaini lilikuwa paa la ukumbi. Uliandika kwanza kwa penseli, na yale uliyotaka yasomwe uliyapitisha wino. Chini ya kila zoezi ulichora kisanduku, na ndani yake jibu. Karatasi hizo ulizipeleka kwa Bi Mashine, mwenye duka la kutoa kopi mkabala na lango la chuo, naye ndiye aliyezisambaza kizazi baada ya kizazi.

Tulipokwisha kukuzika, binti yako mkubwa alitangaza kwamba atayachapa mazoezi yote yawe kitabu, na mwaka ukitimia kitabu hicho kiwe kimefika chuoni. Tukampongeza. Hatukujua anachokusudia. Wewe unamjua: anafundisha fizikia sekondari, na hajawahi kumpa mwanafunzi jibu ambalo hajalitafuta mwenyewe. Akasema hatachapa hata kisanduku kimoja kabla hajakifikia kwa mkono wake. Akachukua kompyuta yako, akachukua kopi za Bi Mashine, akaanza na vikombe viwili.

Alijikwaa mapema. Kwenye zoezi la nne, wewe ulisema boriti imelazwa tu juu ya kuta, yeye akaikaza kwa bolti kila upande, kwa sababu ndivyo mtu mwenye akili angefanya. Jibu lake likakataa kulingana na lako. Siku mbili nzima alikuwa akisema umekosea, tena kwa furaha kidogo. Alipogundua ni yeye, alikuomba radhi kwa sauti, jikoni, mbele ya Mama na sufuria. Baada ya hapo alikuwa akisoma kila neno mara tatu.

Miezi tisa ikapita hivyo. Akafika la thelathini na moja, na kisanduku kilikuwa kitupu.

Ni lile bamba la chuma lenye umbo la mraba uliokatwa kipande, upande mmoja umefungwa ukutani na mwingine unabeba mzigo. Uliuliza mkazo, yaani nguvu inayokielemea chuma, ni kiasi gani kwenye kona ya ndani. Binti yako aligawa bamba vipande kumi na viwili, akapata tisini na sita. Akafuata kanuni yako mwenyewe: gawanya tena, na jibu likitulia, liamini. Vipande arobaini na vinane, mia moja thelathini na mbili. Akagawanya tena, mia moja themanini na moja. Akagawanya tena, mia mbili arobaini na nane. Chuma chenyewe huanza kulegea kwenye mia mbili na hamsini. Akagawanya mpaka kompyuta yako ikaanza kuunguruma, ikampa mia tatu thelathini na tisa.

Tatizo ni kwamba bamba lile analijua. Ndilo linalobeba tangi la maji nje ya jiko letu. Akahamisha kamba ya nguo, akamkataza Mama asisimame pale.

"Tangi liko hapo miaka kumi na moja," Mama akamwambia. "Lilikuwa linamsubiri baba yako afe ndiyo lianguke?"

"Mama, hesabu ndiyo inasema."

"Basi iambie hesabu ije ifue nguo."

Binti yako alicheka nasi, lakini usiku alirudi kwenye mchoro. Aliona mambo mawili tu. Ama ulikufa kabla hujamaliza, na kitabu kitoke na pengo ambalo kila mwenye kukuonea wivu angelionyesha kwa kidole. Ama alijaze yeye, na namba asiyoiamini itoke kwa jina lako, kisha kijana fulani aichukue aende nayo kwenye jengo lenye watu. Siku za kupeleka kazi dukani kwa Bi Mashine ikachapwe zilikuwa zimekwisha. Mwalimu wa shule ana ugonjwa wake: hawezi kuona swali lisilo na jibu nyuma ya kitabu. Akaandika 339, akapeleka.

Alirudi nyumbani amenuna kama aliyeiba.

Sasa tumseme mdogo wake wa kiume, na hapa tutakwenda taratibu, kwa sababu hili ndilo tuliloliacha kimya wakati wa uhai wako. Ulitaka awe mhandisi. Aliacha chuo mwaka wa pili, akanunua mashine ya kuchomelea, akafungua karakana. Alipokuambia, ulikuwa unakula. Ulisema "Basi," ukaendelea kula. Neno hilo moja alilibeba miaka kumi na minne. Ulikwenda karakanani kwake mara nyingi na kazi za kukata na kupima, hilo tunakupa haki yako. Lakini hakukumbuka hata siku moja ulipomsifu. Dada yake alipomwomba amsaidie na mazoezi, alisema yeye hayumo kwenye karatasi zile, waachiwe wasomi.

Siku mbili baada ya kazi kwenda dukani, alikuja kurekebisha bawaba ya mlango wa jikoni. Dada yake alikuwa mezani, mchoro mbele yake, penseli yako kando, haijaguswa.

"Nini hiyo?"

"Bamba la tangi. Limenishinda. Kila nikigawanya, namba inapanda."

"Ukigawanya tena?"

"Inapanda tena."

Aliutazama mchoro akiwa amesimama, bisibisi mkononi. "Sasa dada, nani kakuchorea kona kali hivi?"

"Baba."

"Hii ukiikata hivi, ufa unaanzia hapa hapa. Sisi tunatoboa tundu kwanza kwenye kona, halafu tunakata mpaka tunakutana nalo. Kona inabaki duara. Hata kwa simu ningekwambia."

"Lakini hapa Baba kachora—"

"Toka nje ukalishike bamba lenyewe."

Akatoka. Akapanda kwenye ndoo, akapitisha kidole kwenye kona ya ndani. Ilikuwa duara, laini kama mdomo wa kikombe. Miaka kumi na moja alikuwa ameinyanyulia macho kona ile na hakuwahi kuiona.

"Nililikata mimi," mdogo wake alisema kutoka mlangoni. "Mzee alileta mchoro wa kona kali. Nikamwambia kama nilivyokwambia wewe. Akaangalia weee, akasema 'Haya', akaondoka. Hata asante."

Akarudi kwenye bawaba yake.

Dada yake aliichora kona upya kwa duara, akaanza kugawanya. Mia moja arobaini na nane. Mia moja sitini na tatu. Mia moja sitini na saba. Mia moja sitini na nane, na hapo namba ikatulia, ikagoma kupanda. Ndipo alipoelewa. Kona kali kabisa haina jibu. Kadiri unavyoikaribia ndivyo namba inavyokukimbia, na kompyuta itaendelea kuifukuza mpaka umeme ukatike, kwa kuwa haina haya.

Alikwenda mbio kwa Bi Mashine kuuzuia ukurasa ule. Akamkuta amekwisha kuuweka kando, ameukunjia uso.

"Nani kaandika kwenye kisanduku?"

"Mimi, Bi Mashine. Nimekosea, nisamehe."

"Mwalimu alikuwa hataki. Zoezi hili lilikuja baadaye, mwaka ule mlipofunga tangi. Nikamwambia, Mwalimu, umesahau jibu. Akaniambia, acha kitupu, waje nalo darasani wabishane. Basi wanakuja hapa kila mwaka, huyu ana mia mbili, huyu ana mia tano, mwenye kompyuta kubwa ndiye mwenye makelele!"

Kisha akavuta faili la karatasi zako halisi, zile ulizomwachia ili kopi zitoke safi. Akatafuta kwa kidole kilicholowa mate mpaka akaupata ukurasa. Kisanduku kilikuwa kitupu kama kawaida. Chini yake kulikuwa na mistari mitatu ya penseli, hafifu, ambayo kopi hazikuwahi kuionyesha.

"Penseli mashine yangu haiioni," Bi Mashine alisema. "Na mimi miwani yangu ndiyo hii."

Uliandika hivi: *Nilichora kona kali. Mwanangu, fundi, akanisahihisha mbele ya vijana wake, na alikuwa sahihi. Zoezi hili ni lake.*

Binti yako aliomba ule ukurasa, akaenda nao moja kwa moja karakanani. Mdogo wake alikuwa katikati ya kazi, barakoa ya kuchomelea ameipandisha kichwani. Alifuta mikono kwanza kwa kitambaa, kisha kwa suruali, ndipo akapokea. Akasoma. Akauliza, "Kaandika lini?" Akaambiwa. Akarudisha ukurasa, akashusha barakoa usoni, akabaki amesimama vile, na mashine ilikuwa haijawashwa.

Tunakulaumu kidogo, Baba, na leo tumeona tuseme. Mambo elfu uliyapitisha wino: uzito wa zege, unene wa mabamba, hata onyo la kutopanda ngazi na viatu vyenye tope. Mistari hii mitatu uliiacha kwa penseli, ukampelekea mwenye mashine isiyoona penseli. Pengine ulikusudia kuirudia. Pengine uliona "Haya" inatosha. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini mwanao alikuwa umbali wa mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na mdomo ulikuwa nao.

Tukisha kulaumu, tunakiri pia kwamba tumekukosa. Vitanda vyetu vinalialia na hakuna anayevitikisa. Mama amekuwa akikagua mikanda ya masanduku yetu siku hizi, anaivuta vibaya, nasi tunamwacha.

Kitabu kimetoka. Kina mazoezi arobaini na visanduku arobaini, thelathini na tisa vikiwa na majibu. Jana kilipelekwa chuoni, na waliokibeba ni wanao wawili pamoja. Kwa mara ya kwanza tangu aache chuo, mwanao alipita lango lile. Vijana walimwuliza jibu la thelathini na moja, akawaambia wakatafute, kisha waje karakanani wabishane. Jumatano ijayo wanakuja kumi na wawili, na ameanza kutafuta mabenchi.

Wanaokukumbuka ni mkeo, ambaye bado anakuita rula, binti yako mkubwa, mwanao, fundi, binti yako mdogo anayeandika haya kwa niaba ya wote, dada zako wawili, wajukuu watatu, na Bi Mashine, ambaye si wa damu lakini hatuthubutu kumwacha nje.

Siku zote tutakukumbuka. Penseli yako ipo mezani kama ulivyoiacha. Ile mistari mitatu tumeipitisha wino.