Balozi Aliyekula Mlenda Kwetu

Mvumi,
Dodoma.
12 Juni 2025.

Mpendwa kaka Batholomeo,

Shikamoo. Baridi ya Kanada inakutendaje, na yale mafua yako ya kila mwaka? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tunapumua. Mvua zilikata mapema na uwele ukakauka ukiwa unachanua, lakini tunakula.

Nimechelewa kuandika kwa kuwa sikujua nianzie wapi. Hata sasa sijui, ila nikiendelea kunyamaza nitapasuka.

Unakumbuka mdogo wetu Lameck alivyokufa ughaibuni, bomu lilipolipua hoteli alimokuwa akipika. Serikali ya nchi jirani na kule ikajitolea ndege ya kurudisha miili, na balozi wao aliyekuwa kule akamsindikiza marehemu mpaka hapa Mvumi. Wewe hukuweza kuja, kwa hiyo hukumwona. Alibeba jeneza begani. Akaketi mkekani na wazee, akala ugali wa uwele kwa mkono, mlenda ukimvutika vidoleni. Mama aliacha kulia akawa anamtazama tu. Ndiyo maana mke wa marehemu, Anjelina, alipojifungua, mama alisema mtoto aitwe Balozi, wala hakuna aliyembishia.

Sasa serikali ile imeanguka. Walioiangusha waliteka majalada ya idara yake ya usalama, na mwezi uliopita mwandishi wa habari mmoja, anayetafuta familia za waliokufa, alinifuata kwangu Mkonze na nakala. Kaka, bomu lilikuwa lao. Waliwafunza wale walipuaji, wakawalipa, na baruti ikavuka mpaka ndani ya mizigo ya ubalozi, ambayo haipekuliwi. Aliyeweka sahihi ipite ni yuleyule aliyembeba Lameck.

Nilikwenda ofisi moja pale mjini. Walinisikiliza kwa heshima zote, kisha wakasema serikali ya kushtakiwa haipo tena. Balozi mwenyewe alikimbia mapema. Kuna nchi imempokea, ana nyumba na bustani, na hawamtoi.

Jumamosi nikaja huku kumweleza mama. Hata sijaketi, akaniuliza:

“Redioni wanasema wamepinduliwa. Balozi wetu amepona?”

Nikamjibu:

“Amepona, mama.”

Akamwita mtoto, akamvua kofia, wakamshukuru Mungu pamoja. Mimi nikaitikia amina. Najichukia kwa amina ile kuliko ninavyoweza kukueleza.

Anjelina anajua. Tangu nimwambie hamwiti tena mwanawe kwa jina, anasema “wewe” au “njoo hapa”. Mtoto ameshaligundua hilo. Jana aliniuliza kama mama yake amemkasirikia.

Usinishauri, kaka. Nikimwambia mama, nitamzika. Nikinyamaza, kila jioni atamwombea muuaji wa mwanawe mbele ya mjukuu wake. Nimezunguka kote, sioni pa kutokea.

Nisalimie wifi na wanao wote. Mama anakusalimu, macho yake yanazidi kufifia. Anjelina pia anakusalimu. Mungu akufunike huko uliko, na asikuletee habari kama hii kwa mkono mwingine.

Kijana wetu kaona ninaandika, kang'ang'ania kalamu. Anataka uone anavyojua kuandika jina lake, nami nimeshindwa kumkatalia.

Mdogo wako akupendaye,
Emiliana

BALOZI