Aliyemchoma Batulo

Shauri Moyo, Nairobi
9 Machi 1978

Wifi Jawahir,

Salamu zikufikie huko Isiolo, wewe na mama mzee na mbuzi wote, hata yule mkorofi. Mimi na Muturi wangu miili ni mizima. Lakini barua hii usiisome ukiwa umesimama.

Batulo aliteleza kwenye karo la kufulia akavunjika mkono. Hospitalini nesi alimvua gauni, akaona zile alama za moto kuzunguka kitovu. Mimi nilizikuta siku kaka yako Roble, Mungu amrehemu, aliyekuwa kama ndugu kwa Muturi, alipotuachia mtoto. Roble alikuwa mgonjwa sana, nikaona nisimchoshe kwa maswali. Sasa nesi na afisa wa ustawi wa watoto wanasema ni sisi, tusiojaliwa kuzaa, tuliomchoma mtoto wa watu. Na kwa kuwa Muturi kazi yake ni kuchomelea majiko, wameona wamempata. Batulo amepelekwa makao ya watoto. Tukishtakiwa hatarudishwa kwetu tena.

Niambie, wifi, alama zile ni za nini?

Wifi yako,
Wangeci


Isiolo
22 Machi 1978

Wifi Wangeci,

Mama anawasalimu. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, ila hasira yake inaona. Mimi sijambo, isipokuwa usingizi umenikimbia tangu nisome yako. Mkono wa mtoto unaendeleaje?

Alama zile ni zangu. Batulo hakuwa ameanza kutembea, mama yake tumeshamzika, macho ya mtoto yamekuwa manjano na hata maziwa anatapika. Nikatia kijiti motoni nikamchoma, kama nilivyochomwa mimi nikiwa mdogo. Akapona. Sioni haya hata kidogo. Lakini kaka zangu wanakataa nisije. Wanasema afisa atatuita washenzi, kisha mtoto apewe watu wasiotujua sisi wala nyinyi. Mweleze wewe.

Na hao majirani zenu je? Si waliziona alama hizo tangu mwanzo?

Wifi yako,
Jawahir


Shauri Moyo
31 Machi 1978

Wifi,

Pole kwa usingizi. Hapa tunakula kwa kujilazimisha, lakini hatujaugua. Mkono wamesema utaunga.

Majirani hawakuona kitu, na hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe. Huku mtoto huogeshwa nje, kwenye beseni karibu na mfereji, kila mtu akipita. Mimi Batulo nilimwogesha ndani na mlango nimefunga, asichekwe tumbo lake. Mama Khalayi wa nyumba ya pili alizoea kunitania, “We Wangeci, huyo mtoto anaogeshwa ndani kama bibi arusi?” Juzi amemwambia afisa maneno hayohayo, na safari hii hakuwa akicheka.

Maneno yako niliyapeleka. Afisa akasema barua anaweza kuandika mtu yeyote, hata mimi.

Sasa nisikilize. Mimi ni binti wa Kinyanjui, mama wa kanisa, na kila Jumamosi nampeleka mtoto wenu madrasa Pumwani kwa mkono wangu. Nyama nanunua kwa Mwislamu. Huko kumlea sijifichi, na sitamlilia mtu anihurumie. Ninachotaka ni mdomo wako mbele ya yule afisa. Kama unaona haya kwamba ulimtibu mtoto, basi kaa huko.

Wangeci


Shauri Moyo
24 Aprili 1978

Wifi Jawahir,

Natumaini basi lilikufikisha salama na mama mzee ni mzima. Batulo anakusalimu kwa mkono mmoja. Amerudi jana! Analala hapa nikiandika, kinywa wazi.

Muturi hachoki kusimulia. Yule afisa, Bi Lydiah, aliuliza, “Nani alimchoma huyu mtoto?” Wewe ukajibu, “Mimi,” kama mtu aliyeulizwa nani kapika. Akasema huo ni ukatili. Ukafunua shela ukamwonyesha tumbo lako mwenyewe. “Basi mama yangu ni mkatili pia. Nami niko hai.” Wifi, nilijivuna mpaka nikasahau kulia. Na alipokuomba siku nyingine upeleke mtoto hospitali, ukasema utafikiria!

Mama Khalayi kaniletea unga wa wimbi. Nimeupokea, nikampikia Batulo uji.

Lakini wewe nina kinyongo nawe. Nilikupikia pilau. Muturi alikipaka kiti rangi mpya. Ukatoka ofisini moja kwa moja hadi kituo cha basi, hata makaoni hukupita kumwona mtoto. Tumekukosea nini?

Wifi yako,
Wangeci


Isiolo
6 Mei 1978

Wifi Wangeci,

Nilifika salama. Mama amefurahi, na leo amekula vizuri. Mvua imenyesha na maziwa yamerudi.

Hamkunikosea. Ulipotoka nje, yule afisa aliniambia mimi ndiye damu ya mtoto, nikitaka nitie sahihi niondoke naye siku hiyohiyo. Nikamwambia mtoto ana kwao, na kwao ni Shauri Moyo. Nilisema kwa sauti, kichwa juu.

Halafu nikakimbilia basi. Kama Batulo angenishika nguo akaniita shangazi, ningemchukua.

Shangazi yake,
Jawahir