Jiko Linalotazama Geti

Mashavu wangu,

Pokea salamu za mumeo, kama bado unaniita hivyo. Mimi mzima, ila goti la kushoto linanisumbua.

Mwezi uliopita tulimaliza nyumba ya kumi na mbili. Na tulianza na ile moja tu, tunaishi upande huu, tunapangisha ule! Fundi ananicheka: "Bosi, kila nyumba dirisha la jikoni litazame geti? Hili jiko au kibanda cha mlinzi?" Sikumwambia kwamba ramani ni yako, uliichora mchangani kwa kijiti, ili unione nikirudi.

Miaka saba ulisimama pale, chakula kinapoa, mimi niko saiti. Hukupiga kelele. Ulifunga begi, ukaenda kwa dada yako.

Wapangaji wanaigombania hii ya kumi na mbili. Sipangishi. Nimehamia peke yangu. Siku hizi saa kumi jioni nafunga kazi, nachemsha chai, nasimama dirishani mpaka chai inapoa.

Ramani yako ni nzuri, mke wangu. Ukiwa hapa unaona mpaka kona ya barabara.

Mumeo,
niko jikoni.